Magnus Hirschfeld na cheti cha daktari: nani aamue jinsia ya mtu kwenye hati?

Mtu anapoomba hati zake zibadilishwe, zimtaje mwanamke badala ya mwanamume au mwanamume badala ya mwanamke, serikali hukabiliwa na swali moja: imsikilize nani? Nchi nyingine hutosheka na tamko la mhusika mwenyewe. Nyingine hudai ripoti ya daktari, au mbili, na uamuzi wa mahakama juu yake. Nyingine hazina utaratibu wowote.

Mabishano haya hudhaniwa kuwa ya juzi na jana. Ukweli ni kwamba yana zaidi ya miaka 100. Katika ukurasa huu tunaeleza maisha ya Magnus Hirschfeld, daktari wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1935. Ndiye aliyewafanya polisi wa Berlin wakubali cheti cha daktari kama kinga ya mtu aliyekuwa akikamatwa kwa sababu ya mavazi yake. Cheti hicho kiliwaokoa watu. Lakini pia kilimweka daktari mlangoni kama bawabu, na hadi leo nchi nyingi zinabishana kama aendelee kusimama pale au aondoke.

Maneno tutakayotumia

*Jinsi* ni mwili: maumbile ambayo mkunga huyaangalia mtoto anapozaliwa. *Jinsia* ni namna mtu anavyojitambua na anavyoishi katika jamii, kama mwanamume, mwanamke au vinginevyo.

*Huntha* ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayaangukii wazi upande wa kiume wala wa kike. Siku hizi wengi husema pia mtu mwenye jinsi tata.

*Aliyebadili jinsia* ni mtu anayejitambua na kuishi katika jinsia tofauti na ile aliyoandikishwa alipozaliwa. Wengine hupata matibabu ya homoni au upasuaji, wengine hawapati.

*Kutambuliwa kisheria* ni kubadilisha herufi au neno lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti na hati nyingine. Hili ni jambo la karatasi, si matibabu. Kuchanganya mambo haya mawili ndiyo chanzo cha nusu ya ugomvi wote.

Mtoto wa daktari wa Kolberg

Hirschfeld alizaliwa tarehe 14 Mei 1868 katika mji wa Kolberg, pwani ya Bahari ya Baltiki. Wakati huo mji huo ulikuwa wa Prussia. Leo uko Poland na unaitwa Kołobrzeg. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa daktari aliyeheshimiwa sana mjini, hata akajengewa mnara wa kumbukumbu baada ya kufa.

Kijana huyu alianza kwa kusoma lugha, kisha akafuata nyayo za baba yake. Alipata shahada ya udaktari mjini Berlin mwaka 1892, akafungua zahanati Magdeburg, na mwaka 1896 akahamia Charlottenburg, pembeni mwa Berlin.

Wakati huo kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kiliwapeleka jela wanaume waliolala na wanaume wenzao. Mmoja wa wagonjwa wa Hirschfeld, afisa kijana wa jeshi, alijiua usiku wa kuamkia harusi yake na kumwachia daktari barua. Hirschfeld, ambaye mwenyewe alipenda wanaume, hakuisahau barua hiyo. Mwaka 1896 alitoa kijitabu juu ya mapenzi ya jinsi moja kwa kutumia jina la uongo. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Mei 1897, aliunda pamoja na wenzake watatu kamati ya kudai kifungu hicho kifutwe. Ombi lao, ambalo baada ya muda lilitiwa saini na maelfu ya watu, akiwemo Albert Einstein na mwandishi Thomas Mann, lilipelekwa bungeni na mbunge August Bebel mwaka 1898. Bunge lilikataa.

Silaha yake kuu ilikuwa sayansi. Aliamini kwamba hakuna mwanamume kamili wala mwanamke kamili, bali kila mtu ni mchanganyiko wake, na kwamba haki ingepatikana pale watu watakapoelezwa mambo kwa ushahidi. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya amtegemee sana daktari kuwa mtu wa kumwambia hakimu ukweli.

Sheria ya zamani ya Prussia

Ili kuelewa alichofanya Hirschfeld, ni vizuri kujua kilichokuwapo kabla yake. Sheria kuu ya Prussia ya mwaka 1794 ilikuwa na vifungu kuhusu mahuntha. Mtoto alipozaliwa, wazazi walichagua alelewe kama mvulana au msichana. Alipotimiza miaka 18, alikuwa huru kuchagua mwenyewe, na haki zake zilifuata uchaguzi wake. Hakutakiwa kuleta cheti cha daktari.

Lakini palikuwa na kifungu cha pili. Ikiwa haki za mtu mwingine zilitegemea jinsi ya huntha huyo, kwa mfano katika mirathi, mtu huyo wa tatu angeweza kuomba wataalamu wamkague. Walichosema wataalamu ndicho kilichosimama, hata kama huntha mwenyewe na wazazi wake walisema vingine.

Kwa hiyo sheria moja ilikuwa na njia zote mbili: tamko la mhusika kwa maisha yake ya kawaida, na daktari pale maslahi ya wengine yalipoguswa. Tarehe 1 Januari 1900 Ujerumani ilianza kutumia sheria mpya ya madai, na vifungu hivyo vikatoweka. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa kile kilichoandikwa kwenye rejista ya vizazi. Anayetaka kurekebisha alipaswa kuthibitisha kwamba msajili alikosea tangu mwanzo, na wa kuthibitisha hivyo alikuwa daktari.

Karl Baer na rejista ya Arolsen

Mwaka 1885, katika mji mdogo wa Arolsen, mtoto wa familia ya Kiyahudi aliandikishwa kuwa msichana. Alilelewa kama msichana, akasoma, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii na kupambana na biashara ya kuuza wanawake. Lakini ndani yake alijijua ni mwanamume, na alimpenda mwanamke ambaye hakuweza kumwoa.

Mwaka 1906 alipata ajali mjini Berlin na kulazwa hospitalini. Madaktari waliomvua nguo waligundua kwamba mwili wake haukulingana na hati zake. Suala likafikishwa kwa Hirschfeld, ambaye alithibitisha kitaalamu kwamba huyu ni mwanamume aliyeandikishwa kimakosa. Januari 1907 mamlaka zilikubali, na rejista ikarekebishwa. Akawa Karl Baer kisheria, na mwaka huohuo akaoa. Alisimulia utoto wake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1907 kwa jina la bandia, Hirschfeld akaandika maneno ya mwisho. Baadaye Baer aliongoza jumuiya kubwa ya Kiyahudi Berlin, akahamia Palestina mwaka 1938 na kufariki mwaka 1956.

Kesi hii ilionyesha nguvu ya cheti. Ilionyesha pia mipaka yake. Baer alifanikiwa kwa sababu daktari aliona kitu mwilini. Je, yule ambaye mwili wake haukuwa na utata wowote machoni pa daktari, lakini aliishi kwa dhiki ileile?

Kibali cha mavazi

Berlin ya wakati huo haikuwa na kifungu kilichokataza moja kwa moja mwanamume kuvaa gauni au mwanamke kuvaa suruali. Polisi walitumia makosa ya fujo na kuvuruga utulivu wa umma. Mtu aliweza kukamatwa akielekea dukani, akatozwa faini, na asubuhi yake mwajiri akamfukuza.

Hirschfeld aliwasikiliza watu hawa kwa miaka. Mwaka 1910 alichapisha kitabu kikubwa chenye maisha ya watu 17, na ndani yake akabuni neno *transvestit*. Wakati huo neno hilo lilikuwa pana: liliwabeba waliopenda mavazi ya jinsi nyingine kwa muda tu, na pia wale ambao leo tungewaita waliobadili jinsia. Jambo muhimu alilosema ni kwamba hali hii si sawa na kupenda watu wa jinsi moja, na wala si wazimu.

Kipindi hichohicho, yeye na daktari mwenzake waliwashawishi polisi wa Berlin kukubali utaratibu mpya. Mhusika alikwenda kwa daktari, akasimulia maisha yake, akakaguliwa. Daktari aliandika ripoti kwamba kwa mtu huyu kuvaa hivyo ni hitaji la nafsi, na kumzuia kungemdhuru. Polisi nao walitoa karatasi ndogo iliyosema kwamba mwenye hati hii anajulikana kuvaa mavazi ya kiume, au ya kike. Askari akimsimamisha barabarani, aliitoa mfukoni na kuendelea na safari.

Kwa mwenye nayo karatasi hiyo ilikuwa uhai. Kijana mmoja alifika kwa Hirschfeld akiwa na miaka 16 akitaka aondolewe matiti, akakataliwa kwa sababu ya umri, akajaribu kujikata mwenyewe. Alitibiwa, na mwaka 1928 akapata kibali chake. Aliishi mpaka uzee.

Lakini tazama karatasi hiyo ilivyofanya kazi. Haikubadilisha cheti cha kuzaliwa. Haikuwa haki bali ruhusa, na ruhusa hutolewa na anayeweza kuinyima. Polisi walitaka mtu asiyevutia macho ya wapita njia, yaani anayepita kama mwanamke au mwanamume wa kawaida. Aliyeshukiwa kuwa kahaba au kulala na wanaume alikuwa na nafasi ndogo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliwezekana pia kubadili jina la kwanza, na wengi walichukua jina lisilo la kike wala la kiume, kama Toni, Alex au Gerd.

Jambo la mwisho, na zito zaidi: kila aliyepata kibali alikuwa na jalada polisi.

Nyumba ya Tiergarten

Tarehe 6 Julai 1919 Hirschfeld alifungua Taasisi ya Sayansi ya Ujinsia katika jumba la kifahari eneo la Tiergarten, Berlin. Palikuwa na zahanati, maktaba, makumbusho na ukumbi wa mihadhara. Watu walikuja kuuliza kuhusu uzazi wa mpango, kaswende, matatizo ya ndoa, na mambo ambayo hawakuthubutu kumwambia mtu mwingine. Masikini walihudumiwa bure.

Baadhi ya watu waliobadili jinsia walipewa kazi pale, kwa kuwa hakuna mwajiri mwingine aliyewataka. Mmoja alikuwa Dora Richter, mtoto wa wakulima kutoka milima ya Bohemia, aliyefanya kazi za nyumbani katika taasisi hiyo. Mwaka 1922 aliondolewa korodani, na mwaka 1931 akafanyiwa upasuaji wa kutengenezewa uke. Ni mmoja wa watu wa kwanza duniani wanaojulikana kupitia hatua hizo zote. Daktari Felix Abraham wa taasisi hiyo aliuandika upasuaji wa aina hii katika jarida mwaka 1931.

Madaktari hawa hawakufanya upasuaji kwa wepesi. Hapakuwa na antibiotiki, na mgonjwa angeweza kufa kwa maambukizi. Walieleza kwamba walikubali kwa sababu wagonjwa wengine walikuwa tayari wameanza kujikata au kutishia kujiua. Hapa kazi ya daktari kama bawabu ina maana iliyo wazi: kisu kinaweza kuua, na anayekishika lazima apime. Karatasi ya polisi haikuwa na hatari hiyo, lakini ilipitia mlango uleule na daktari yuleyule.

Tatizo lingine lilijitokeza taratibu, na madaktari wa leo wanalijua vizuri. Daktari anapokuwa na kazi mbili, kumtibu mtu na kumpa cheti, mgonjwa hujifunza kusema yale yatakayompatia cheti. Hatasema kwamba ana wasiwasi. Hatasema kwamba siku nyingine ana shaka. Mazungumzo yanayopaswa kuwa ya tiba yanakuwa usaili.

Pale alipokosea

Hirschfeld hakuwa malaika. Mwaka 1907, katika kesi maarufu ya mhariri Maximilian Harden na jenerali Kuno von Moltke, alisimama mahakamani kama mtaalamu na kutamka kwamba jenerali huyo alikuwa na hulka ya kupenda wanaume. Moltke mwenyewe alikana. Kesi ilipoanza upya, Hirschfeld akabadilisha maoni yake. Kamati yake ilipoteza wafadhili, na watu wengi waliogopa kwamba daktari aliyejitia mtetezi wao angeweza kuwafichua.

Baada ya vita alivutiwa na wazo kwamba wanaume wanaopenda wanaume wangeweza kupandikizwa korodani ya mtu mwingine na kubadilika. Majaribio hayo yalishindwa, na waliobaki na madhara ni wagonjwa.

Tena, kama madaktari wengi wa wakati wake, aliunga mkono nadharia ya kuboresha kizazi kwa kuwazuia watu fulani wasizae. Chama cha madaktari alichoshiriki kukianzisha Berlin mwaka 1913 kilibeba nadharia hiyo hadi kwenye jina lake. Miaka 20 baadaye nadharia hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wengine kabisa.

Tunayataja haya kwa sababu yanahusu swali letu. Daktari anaweza kuwa na nia njema na bado akakosea kuhusu nafsi ya mtu aliye mbele yake. Sayansi ya zama zake ikikosea, yeye hukosea nayo, na mhuri wake hulibeba kosa hilo.

Moto

Adui zake hawakungoja Hitler. Mwaka 1920 alipigwa vibaya mjini Munich baada ya mhadhara, akaachwa akidhaniwa amekufa, na magazeti yakatangaza kifo chake. Aliisoma habari hiyo kitandani.

Mwishoni mwa mwaka 1930 aliondoka Ujerumani kwa ziara ya mihadhara. Alipita Marekani, Japani, China, India, Misri na Palestina. Mjini Shanghai alikutana na Li Shiu Tong, mwanafunzi kijana aliyekuwa mwenzi wake hadi mwisho. Aliporudi Ulaya mwaka 1932, marafiki walimwonya asivuke mpaka wa Ujerumani. Hakuuvuka tena.

Asubuhi ya tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Hitler waliivamia taasisi, na mchana askari wa chama wakamalizia kazi. Vitabu zaidi ya 10,000 vilichukuliwa pamoja na picha na nyaraka. Tarehe 10 Mei vilichomwa katika uwanja mbele ya jumba la opera la Berlin, na sanamu ya kichwa cha Hirschfeld ikabebwa kwenye maandamano. Mwenyewe aliutazama moto huo mjini Paris, kwenye filamu ya habari ndani ya ukumbi wa sinema.

Baadhi ya vibali vya mavazi vilifutwa. Polisi hawakuhitaji kuwatafuta wenye navyo, kwa sababu majina yalikuwa kwenye kabati zao tayari.

Kuhusu Dora Richter, kwa miaka mingi iliaminika kwamba aliuawa katika uvamizi ule. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha alinusurika. Alirudi Bohemia, mwaka 1934 serikali ya Chekoslovakia ikamruhusu kutumia jina lake la kike, na baada ya vita akaishi Ujerumani hadi alipofariki mwaka 1966.

Hirschfeld alijaribu kuanza upya Ufaransa, bila mafanikio. Alifariki ghafla mjini Nice tarehe 14 Mei 1935, siku aliyotimiza miaka 67, na amezikwa huko.

Bawabu baada ya Hirschfeld

Mawazo yake yalirudi Ujerumani polepole. Kifungu cha 175 kilifutwa kabisa mwaka 1994 tu. Kuhusu hati, sheria ya mwaka 1980 iliruhusu mtu aliyebadili jinsia kutambuliwa, lakini kwa masharti. Alihitaji ripoti za wataalamu wawili wasiotegemeana, na hakimu. Kubadili jina pekee kuliishia hapo. Kubadili jinsia kwenye rejista kulidai pia afanyiwe upasuaji, asiweze tena kuzaa, na asiwe katika ndoa.

Mahakama ya Katiba iliyabomoa masharti hayo moja baada ya jingine. Mwaka 2008 iliondoa sharti la kuvunja ndoa. Mwaka 2011 iliondoa sharti la upasuaji na utasa. Mwaka 2018 mahuntha walipewa nafasi ya tatu kwenye rejista, ila kwa kawaida walitakiwa kuleta cheti cha daktari.

Tarehe 1 Novemba 2024 sheria mpya ilianza kutumika. Mtu mzima hutoa taarifa kwa msajili miezi mitatu kabla, kisha hutoa tamko lake. Hakuna ripoti ya daktari wala hakimu. Akibadilisha, hawezi kubadilisha tena kabla ya mwaka mmoja kupita. Wa miaka 14 hadi 17 huhitaji ridhaa ya wazazi au uamuzi wa mahakama ya familia. Kwa hiyo nchi ya Hirschfeld imerudi karibu na kanuni ya 1794: mtu aseme mwenyewe.

Ujerumani haikuwa ya kwanza. Argentina ilipitisha sheria ya tamko mwaka 2012, Denmark mwaka 2014, Ireland mwaka 2015. Uingereza, kwa upande wake, inaendelea na sheria yake ya mwaka 2004 inayodai ripoti za kitabibu, miaka miwili ya kuishi katika jinsia hiyo, na jopo la kuamua. Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya tamko Desemba 2022, na mwezi uliofuata serikali ya London ikaizuia isitumike.

Pande mbili za hoja

Wanaotaka daktari abaki mlangoni husema hati ya serikali si shajara ya mtu binafsi. Watu wengine huitegemea: magereza, makazi ya wanawake waliokimbia kipigo, mashindano ya michezo, takwimu za afya. Wanahofu kwamba tamko tupu linaweza kutumiwa na mwenye nia mbaya, na kwamba kijana anaweza kuamua kwa haraka jambo atakalolijutia. Ukaguzi wa mtaalamu, kwao, ni muda wa kupumua kabla ya kutia saini.

Wanaotaka tamko la mhusika husema hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoonyesha jinsia ya mtu. Daktari huishia kusikiliza simulizi ileile ambayo msajili angeisikia, ila kwa gharama kubwa, maswali ya aibu na miezi ya kungoja. Husema pia kwamba swali la nani aingie gereza gani linaweza kuamuliwa kwa kanuni za gereza, bila kumnyima kila mtu hati. Hapo watu wa 1794 wangewaelewa, maana wao walitenganisha maisha ya mtu na haki za mtu wa tatu.

Shirika la Afya Duniani limegusa mjadala huu kwa upande wake. Katika orodha mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, hali ya jinsia kutolingana na jinsi imeondolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa kwenye sura ya afya ya ujinsia. Sababu iliyozingatiwa ni kupunguza unyanyapaa bila kuwafungia watu njia ya matibabu. Uamuzi huo haukusema nchi iandike sheria gani, lakini umeidhoofisha hoja kwamba lazima mtu athibitishwe kuwa mgonjwa wa akili ndipo atambuliwe.

Kama jambo hili linakuhusu wewe au ndugu yako

- Hati na matibabu ni vitu viwili. Kubadili herufi kwenye hati si matibabu, na kutumia dawa hakubadilishi hati.
- Usitumie homoni za kununua mtaani. Dozi isiyopimwa inaweza kuleta damu kuganda kwenye mishipa au kudhuru ini. Hapa daktari anahitajika, si kama bawabu bali kama mganga wako.
- Mweleze daktari viungo ulivyo navyo, hata kama hati inasema vingine. Mwanamume mwenye mlango wa kizazi bado anahitaji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke mwenye tezi dume bado anaweza kuugua tezi hiyo.
- Kabla ya kupeleka ombi popote, uliza taarifa zako zitahifadhiwa wapi na nani ataziona. Wenye vibali vya Berlin hawakupata nafasi ya kuuliza.
- Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usingoje hati wala sheria. Zungumza leo na mtu unayemwamini, au nenda kituo cha afya kilicho karibu.